Mtoro bin Mwinyi Bakari: Mtoa Habari au Mwandishi?

Mwanafunzi wa anthropolojia akifika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza hufundishwa kukihoji kila kitabu: nani asemaye, na nani aliyenyamazishwa? Swali hilo latufaa sisi wa pwani tunapokifungua kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903.

Kitabu kilitoka kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Ilhali mwenye kalamu, kwa sehemu kubwa, alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda huko kusomesha lugha yake. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ya mwaka 1981 ndiyo iliyomweka Mtoro mbele kama mwandishi. Kabla ya hapo alikuwa kama kisima: watu huchota maji, wala hawamuulizi aliyekichimba.

Bronislaw Malinowski alipotoa kitabu chake juu ya visiwa vya Trobriand mwaka 1922, alisifiwa kwa kutaka mambo yaonekane kwa jicho la mwenyeji. Miaka 19 kabla yake, Mtoro alikwisha kuandika, naye ndiye mwenyeji.

Lakini mwenyeji naye ana mahali alipoketi. Anasema Wasuaheli, nasi twaiona zaidi Mrima. Mtu wa Lamu au wa Pemba hatajiona humo sawasawa. Aeleza utumwa kwa sauti ya mwungwana, na mambo ya wanawake kwa sauti ya mwanamume. Desturi zasimuliwa kana kwamba zimetulia, ilhali Bagamoyo ilikuwa imepitia vita vya Abushiri vya 1888 na 1889. Hata nyimbo za ngoma zilizomo, ambazo mwanafunzi huzitwaa kuwa ushahidi wa desturi tu, mpenzi wa ushairi atazisikia kwa sikio jingine: wimbo hufumba, hupiga vijembe, na pengine huipinga desturi ile ile unayoipamba.

Mwaka 1905 Mtoro alirejea na mkewe Mjerumani, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka Dar es Salaam. Aliyeiandikia dunia desturi za kwao alizuiliwa kurudi kwao; akafariki Berlin mwaka 1927.

Basi tusimtendee kwa huruma, wala kwa sifa tupu. Mtoa habari hushukuriwa katika dibaji, yakaisha. Mwandishi husomwa, hubishiwa, akajibiwa. Wanafunzi wetu na wambishie Mtoro kama wanavyombishia Malinowski. Hiyo ndiyo heshima aliyocheleweshewa.