Kupunga Upepo si Kupunga Pepo

Kila inapofika Aprili 2, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 ili kuhamasisha umma kuhusu usonji, magazeti na redio zetu hulizungumzia suala hili kwa moyo safi. Nia hiyo naipongeza. Lugha yake ndiyo inayonikera.

Kwanza, husemwa kwamba fulani 'anaugua' usonji. Usonji ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni. Hauambukizi, wala hauna siku ya kupona. Pili, neno hilo halikosi kuandamana na 'mtoto'. Ni kweli kwamba Leo Kanner, katika makala yake maarufu ya mwaka 1943, alieleza habari za watoto 11. Lakini mmoja wao, Donald Triplett, alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89! Watoto hukua.

Wapo pia wanaotambuliwa ukubwani. Chris Packham, mtangazaji maarufu wa vipindi vya wanyamapori nchini Uingereza, alizaliwa mwaka 1961 na kutambuliwa mwaka 2005. Mwaka 2017 alijieleza wazi katika filamu ya BBC.

Je, na yule asiyetambuliwa? Huku kwetu Likoni tutamwita 'mtu wa kivyake'; tukikasirika, 'ana maringo'. Asubuhi huvuka feri akibanwa na umati, joto na honi, kisha kazini hujitia uchangamfu hadi jioni. Akilalamika kwamba amechoka, tunamwambia, "Jikaze kisabuni!" Uchovu huu haumalizwi na usingizi wa usiku mmoja. Ni uchovu wa mtu aliyeigiza miaka na mikaka, hadi hata kuzungumza kunamshinda.

Istilahi nazo hazimfai sana. 'Tawahudi', tunayoitumia sambamba na usonji, imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya 'moja'. Inataja upweke, yaani kile akionacho jirani. Haitaji honi inayomchoma mwenyewe masikioni.

Hata hivyo, Kiswahili cha pwani hakijaishiwa. Mtu akienda Shelly Beach peke yake, akakaa tu kusikiliza mawimbi, tunasema anapunga upepo, na hatumwulizi ana nini. Bahari haimwondolei usonji; inampumzisha. Lakini kitenzi hicho hicho ndicho cha kupunga pepo, yaani kumtoa mtu mashetani kwa ngoma na ubani. Irabu moja tu ndiyo inayotenganisha mambo hayo mawili. Na hapo ndipo penye hatari: akizidisha kujitenga, jamaa watafanya kikao, mganga aitwe, ngoma zipigwe. Aliyekimbia makelele ataongezewa makelele!

Ombi langu kwa waandishi ni dogo. Andikeni 'ana usonji', si 'anaugua usonji'. Andikeni 'mtu', na inapostahili, 'mzee'. Nanyi majirani zangu, mkimwona mtu anapunga upepo, mwacheni apunge.