Ufundi wa Mpigo Mfupi

Kyubiti (biti ya kompyuta ya kwanta) inayotengenezwa kwa saketi isiyo na ukinzani wa umeme ni utando wa alumini juu ya kipande cha silikoni au yakuti samawi, na hukaa katika jokofu lenye baridi ya takriban milikelvini 20. Ina ngazi kadhaa za nishati, na mbili za chini ndizo huhesabiwa kuwa sifuri na moja. Kinachoipandisha kutoka sifuri hadi moja ni mpigo wa mikrowevu wa masafa ya gigahezi 5 hivi. Nguvu ikizidi kidogo, hali hupitiliza, ikipungua, haifiki.

Mwaka 1999, Nakamura, Pashkin na Tsai waliiongoza saketi ya aina hii katika maabara ya NEC huko Tsukuba, Japani. Hali yake ilidumu nanosekunde chache tu. Mwaka 2007 wataalamu wa Yale walichapisha muundo wa transmoni, unaostahimili zaidi kelele za chaji. Lakini ustahimilivu huo una gharama: ngazi zake zinakaribia kulingana kimo. Masafa ya kupanda hatua ya pili huachana na ya hatua ya kwanza kwa megahezi 200 hadi 300 tu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kuchelewa huipa hali nafasi ya kufifia, na kuharakisha nako kuna hatari yake, kwa kuwa mpigo kadiri unavyokuwa mfupi ndivyo masafa yake yanavyotawanyika, hadi yakaigusa ngazi ya tatu isiyotakiwa.

Mwaka 2009 Motzoi, Gambetta, Rebentrost na Wilhelm walipendekeza dawa inayoitwa DRAG. Mpigo mkuu, wenye umbo la kengele, huongezewa wimbi lililosogezwa robo ya mzunguko. Mpigo unapopanda, wimbi hilo huwepo; kileleni huwa sifuri; mpigo ukishuka, hugeuka ishara. Mvujo wa kwenda ngazi ya tatu hufutwa kwa sehemu kubwa. Uzuri wake, na si mdogo, ni kwamba saketi haiguswi hata kidogo: kinachochongwa ni umbo la wimbi peke yake.

Siku hizi mpigo wa nanosekunde 20 hivi hukosea chini ya mara moja katika elfu. Kosa dogo namna hiyo halionekani kwa mpigo mmoja, hivyo mafundi huurudia makumi ya mara mfululizo mpaka kosa lijilimbikize, ndipo hurekebisha. Kisha masafa ya kyubiti huhama kidogo, na kazi huanza upya.