Milango Midogo ya Moyo

Mkunga anainama, anaweka fetoskopu juu ya tumbo la mama kijacho, kisha anaiachia. Sikio lake peke yake ndilo linaloishikilia. Vidole vyake viko kwenye kifundo cha mkono wa mama, kwa sababu mapigo ya mama yanaweza kumpotosha msikilizaji mwenye haraka. Macho yake yako kwenye saa. Mapigo ya mtoto yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, anaandika kwenye kadi. Kibomba hicho alikibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na kwa vijiji kama vyetu vya Janga bado kina heshima yake.

Ila sikio linasema moyo unapiga; halisemi unafanya kazi namna gani. Sisi tunaoishi jirani na mitambo ya maji ya Ruvu tunaijua tofauti hiyo. Pampu inaweza kunguruma usiku kucha na bomba likatoa hewa.

Hapo ndipo ninapovua kofia kwa fundi wa altrasaundi. Moyo wa mtoto wa wiki 20 ni kama zabibu, na mwenye moyo hatulii: anageuka, anarusha teke, anampa fundi mgongo. Fundi hodari hagombani naye. Anamlaza mama ubavu wa kushoto, au anamwambia akatembee kidogo nje, arudi.

Akivipata vyumba vinne, anatega kialama chake kwenye kioo, katikati ya milango miwili: wa damu kuingia chumba cha kushoto na wa damu kutoka kwenda mwilini. Kila mlango ukifunguka au kufungwa, kwenye kioo unabaki mstari mwembamba. Kati ya kufungwa kwa mmoja na kufunguka kwa mwingine, msuli unakaza huku milango yote imefungwa, kwa muda wa kama sehemu 30 tu kati ya 1,000 za sekunde. Ukishasukuma damu, milango inafungwa tena, msuli unalegea. Nyakati hizo mbili hujumlishwa, zikagawanywa kwa muda wa kusukuma damu. Hesabu hiyo Mjapani Chuwa Tei aliitoa mwaka 1995 kwa ajili ya watu wazima, ndipo wataalamu wakaishusha hadi tumboni. Moyo uliochoka huhangaika zaidi nyuma ya milango iliyofungwa, na namba hupanda.

Namba hiyo haisimami peke yake. Husomwa pamoja na ukuaji wa mtoto na mwendo wa damu kwenye kitovu, hasa mama akiwa na kisukari au kondo likiwa halimlishi mtoto vizuri. Wala si kipimo cha kila kliniki. Mama wa Janga anaweza kuanzia Mlandizi, akapelekwa hospitali ya Tumbi, akafika hadi ile ya Muhimbili, na safari yote hiyo huanza na sikio la mkunga lililosita na mkono wake ulioandika rufaa. Ndiyo maana siwezi kumsifu mmoja nikamwacha mwenzake.

Chumba cha altrasaundi kina giza, feni inazunguka. Kipimo cha tatu kimepishana na viwili vya kwanza. Fundi angeweza kukiacha. Foleni nje ni ndefu. Anakifuta. “Mama, pumua taratibu, usiongee kidogo,” anasema, anaongeza jeli, anaanza tena kuitafuta ile milango.