Kilele cha kununua: maneno juu ya kitabu cha Jon Krakauer



Kijana mmoja wa parokia yetu aliazima kitabu katika maktaba, akakirudisha siku ya tatu. Alikuwa amekisoma chote. Akaniuliza neno moja tu: «Basi, kosa lilikuwa la nani?» Siku ile sikumjibu vizuri. Leo nataka kumjibu yeye, pamoja na wote watakaokisoma baada yake, maana ni kitabu kizuri, lakini chafaa kusomwa kwa macho wazi.

Jina lake kwa Kiingereza ni Into Thin Air. Kwa Kifaransa kinaitwa Tragédie à l'Everest. Mtungaji wake ni Bwana Jon Krakauer, Mmarekani, mwandishi wa magazeti, ambaye tangu ujana wake alipenda kupanda milima. Kilitolewa mwaka 1997. Kinasimulia mambo aliyoyaona yeye mwenyewe katika mwaka 1996 juu ya mlima Everest, ambao watu wa Nepali wanauita Sagarmatha, na watu wa Tibeti wanauita Chomolungma.

Mlima na biashara yake

Everest una mita 8,849. Tufanye hesabu kidogo ili tuelewe. Nyiragongo, mlima wa moto ulio karibu na Goma, haufiki mita 3,500. Kilele cha Margherita katika Ruwenzori kina mita 5,109. Chukua Nyiragongo, weka Ruwenzori nzima juu yake: bado hujafika. Kule juu kabisa, kila pumzi inamletea mtu theluthi moja tu ya oksijeni anayoipata pwani ya bahari. Miguu inakuwa mizito. Lakini hatari kubwa zaidi ni kwamba akili inalegea kama ya mlevi, na mwenyewe hajui.

Watu wa kwanza kufika na kurudi salama, Bwana Edmund Hillary na Bwana Tenzing Norgay, walifika siku ya 29 Mei 1953. Kwa miaka mingi baada yao walipanda mabingwa tu. Lakini mwaka 1985 tajiri mmoja wa Texas, Bwana Dick Bass, mwenye miaka 55, alifika akiongozwa na bingwa David Breashears. Hapo watu wakaanza kuwaza: kumbe mwenye mali naye aweza kufika, akipata wa kumwongoza!

Bwana Rob Hall wa New Zealand alikuwa mmoja wa wale walioifanya safari hiyo kuwa biashara. Mwaka 1996 bei yake ilikuwa dola 65,000 kwa mtu mmoja. Kwa feza hiyo mteja alipata hema, chakula, chupa za oksijeni, kamba zilizokwisha kufungwa mlimani, waongozi, na wapagazi wa kabila la Sherpa wa kumbebea mizigo. Mtungaji wetu hakulipa bei hiyo mfukoni mwake. Gazeti lake lilipatana na Bwana Hall, na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa nafasi za matangazo ya biashara. Tukumbuke neno hili, tutalirudia.

Mambo yaliyotokea

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei 1996, zaidi ya watu 30 walitoka katika kambi ya mwisho, iliyo karibu na mita 7,900. Wengi wao walikuwa wa vikundi viwili: kile cha Bwana Hall na kile cha Bwana Scott Fischer, Mmarekani. Mahali pengine kamba hazikuwa tayari. Watu wakasimama wakingojana, saa zikapita, na oksijeni ya chupa ikapungua.

Kulikuwa na sheria: mwisho kabisa ni saa nane ya mchana. Aliyefika na asiyefika, wote wageuke. Bwana Krakauer alifika kileleni baada ya saa saba, akashuka. Wengine walifika wakiwa wamechelewa sana. Bwana Hall mwenyewe alikuwa kileleni baada ya saa kumi, akimngojea mteja wake Doug Hansen, mtumishi wa posta. Mwaka uliotangulia Bwana Hall alimgeuza mtu huyu wakiwa karibu kufika. Kisha akamhimiza arudi tena, akampunguzia na bei. Sasa hakuweza kumnyima kilele mara ya pili.

Jioni dhoruba ya theluji ikawapiga. Hansen alikuwa ameishiwa nguvu, na Bwana Hall hakutaka kumwacha. Kesho yake, akiwa peke yake katika barafu, aliunganishwa kwa simu ya upepo na mke wake huko New Zealand, aliyekuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Wakaagana. Alikufa kule. Katika dhoruba ile walikufa watu wanane: Hall, Hansen, mwongozi Andy Harris, Bibi Yasuko Namba wa Japani, Scott Fischer, na askari watatu Wahindi waliopanda kwa upande wa Tibeti.

Uzuri wa kitabu

Vitabu vingi vya safari vinamsifu mwenye kuvitunga. Hiki sicho. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mtungaji hajisafishi. Nitachagua mambo mawili, maana ndani yake mna kiini cha habari yote.

La kwanza. Akishuka, chini kidogo ya kilele, alimkuta mwongozi Harris penye akiba ya chupa za oksijeni. Harris alishikilia kwamba chupa zote ni tupu. Sivyo, chupa zilizojaa zilikuwapo. Ni dhahiri kwamba akili ya Harris ilikuwa imekwisha kuharibika kwa kukosa oksijeni. Lakini Bwana Krakauer hakutambua. Kwa nini? Anatuambia mwenyewe: kwa sababu Harris alikuwa mwongozi, naye alikuwa mteja. Kazi ya mwongozi ni kumtunza mteja. Haikumwingia kichwani kwamba mwongozi ndiye anayehitaji kutunzwa. Kama wangalikuwa marafiki wawili waliopanda pamoja, sawa kwa sawa, angaliuona ugonjwa wa mwenzake mara moja. Aliendelea kushuka. Harris hakurudi.

La pili. Mteja mwingine, daktari Beck Weathers, alishindwa kuona vizuri, maana macho yake yalikuwa yamepasuliwa zamani na hayakuvumilia mahali pa juu namna ile. Bwana Hall akamwambia: Ngoja hapa mpaka nirudi. Akaahidi, akangoja katika baridi toka asubuhi mpaka jioni. Watu wakapita wakishuka, naye hakwenda nao. Aliyemwamuru hakurudi kamwe. Baadaye daktari huyu alipotea katika dhoruba, akaachwa mara mbili kama maiti, kisha akaamka mwenyewe, akatembea mpaka kambini. Alipona, lakini alipoteza mkono wa kuume, vidole vya mkono wa pili, na pua.

Sisi tunawafundisha watoto: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyesikia ndiye aliyevunjika! Je, methali ni ya uongo? Hapana. Lakini kuna utii wa namna mbili. Kuna kutii sheria, nayo inamfunga mkuu na mdogo pamoja. Na kuna kumtii mtu tu, hata yeye mwenyewe akiwa ameiacha sheria aliyoiweka. Wateja wale walifundishwa utii wa namna ya pili. Walizoezwa wamtazame mwongozi, si saa, wala wingu, wala uso wa mwenzao.

Neno jingine la kumheshimu mtungaji: katika gazeti lake, mwaka 1996, alisimulia kifo cha Harris vibaya, kwa kuwa katika theluji alimfananisha mtu mwingine naye. Alipoligundua kosa lake alilitangaza, na katika kitabu amelieleza wazi. Ni vigumu kwa mwandishi kurudi mbele ya jamaa za marehemu na kusema: Nilikosa. Waandishi wetu wajifunze hapo.

Kasoro zake

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Kwanza, naona kwamba hakumtendea haki Bwana Anatoli Boukreev, mzaliwa wa Urusi na raia wa Kazakhstan, aliyekuwa mwongozi katika kikundi cha Fischer. Analaumiwa kwa sababu alipanda bila oksijeni ya chupa, tena alishuka kambini mbele ya wateja. Lawama ya kwanza ina uzito: mwongozi hapandi kwa ajili ya sifa yake. Lakini nani alitoka usiku ule katika dhoruba, peke yake, akawatafuta waliopotea na kuwaleta hemani watu watatu? Ni Boukreev. Na wateja wote wa kikundi chake walirudi hai. Mtungaji anayaandika mambo hayo, hayafichi. Lakini mizani yake imelala upande mmoja. Boukreev alijibu kwa kitabu chake, The Climb, mwaka ule ule wa 1997. Chama cha wapanda milima wa Marekani kilimpa nishani ya ushujaa. Na siku ya Noeli 1997 theluji ya mlima Annapurna ilimfunika. Msomaji mwenye haki asome vitabu vyote viwili. Shahidi mmoja hatoshi.

Pili, wapagazi. Bwana Krakauer anawaheshimu Washerpa. Anasimulia habari ya Ngawang Topche, aliyeugua mapafu akifanya kazi na kufa baada ya wiki nyingi. Lakini maneno marefu, mawazo na majuto ni ya waliolipa. Yule aliyebeba hema na kufunga kamba anapita katika kurasa akiinama chini ya mzigo, tusijue anawaza nini. Sisi watu wa Kongo, ambao babu zetu walibeba mizigo ya wageni na majina yao hayakuandikwa, tunaiona kasoro hii upesi kuliko wasomaji wa Ulaya. Anayetaka kusikia sauti hiyo asome kitabu cha Jamling Tenzing Norgay, Touching My Father's Soul, cha mwaka 2001. Yeye ni mwana wa Tenzing, naye alikuwa mlimani mwaka ule ule.

Tatu, ni lile neno tulilosema tutalirudia. Kiongozi aliyekuwa na mwandishi wa gazeti kubwa katika kikundi chake alijua kwamba kila hatua itasomwa na maelfu ya watu, ndio wateja wa kesho. Je, hilo halikuwasukuma Hall na Fischer kupita saa ya kugeuka? Mtungaji anajiuliza swali hilo, kisha anaendelea mbele. Mimi ningalitaka akae nalo zaidi. Anaeleza vizuri kabisa kwamba soko limeingia mlimani. Haelezi vya kutosha kwamba yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya bidhaa.

Kosa lilikuwa la nani?

Ndugu yangu kijana, hili ndilo jibu langu. Kitabu kinatafuta aliyekosa: huyu alichelewa, huyu alishuka mapema, huyu hakuleta kamba. Yote ni kweli. Lakini chini ya makosa hayo kuna jambo moja. Palitolewa ahadi isiyoweza kuuzwa. Hema linauzwa. Kamba inauzwa. Hata nguvu za mgongo wa mtu zinauzwa, ikiwa mshahara ni wa haki. Lakini kilele hakiuzwi, na kurudi salama hakuuzwi. Hall aliwaambia wateja kwamba atawageuza ikipasa, na siku ya kuwageuza ilipofika, moyo wake ulikuwa umefungwa na feza ya mtu maskini, na huruma, na sifa, vyote pamoja. Si mtu mbaya. Alikufa kwa kuwa hakumwacha mwenzake. Ndiyo maana habari yake inauma.

Je, watu walijifunza? Tarehe 18 Aprili 2014 barafu ilianguka njiani ikawaua Wanepali 16, wote watu wa kazi, waliokuwa wakitengeneza njia na kubeba mizigo ya wageni. Mei 2019 picha moja ilizunguka dunia yote: mstari wa watu chini ya kilele, wamebanana kama mbele ya duka. Mwaka 2025 serikali ya Nepali ilipandisha malipo ya ruhusa kutoka dola 11,000 mpaka 15,000. Bei imepanda, na wanunuzi bado wapo.

Wala tusiwacheke kwa kuwa wako mbali. Hata kwetu kuna wanaouza cheo, wanaouza shahada ya shule, wanaouza dawa ya kila ugonjwa. Na wanunuzi wanafunga macho wakifuata mgongo wa aliyewapokea feza. Soma ule ukurasa wa Harris na chupa zake, kisha ujiulize ni nani karibu nawe anayeugua, nawe humwoni kwa sababu ya cheo chake.

Ninawashauri walimu, na wakubwa wa vikundi vya vijana, na kila mtu mwenye kuwaongoza wengine, wakisome. Wadogo wangoje kidogo, maana kurasa za vifo ni kali. Kitabu kimerudi katika kabati ya maktaba. Anayekitaka akiombe, na akiona nimemwonea Bwana Krakauer, aje aniambie.