Viungo vya Vitenzi: Kiingereza cha Kila Siku na Kiswahili cha Wafasiri

Kila lugha ina namna yake ya kuunganisha matendo. Msemaji akitaka kueleza kwamba tendo moja lilifuata jingine, au lilifanyika sambamba na jingine, au lilitendwa kwa manufaa ya mtu fulani, hana budi kutafuta kiungo cha kufungia maneno yake. Katika makala hii twakusudia kuvitazama viungo vya Kiingereza, hasa Kiingereza cha mazungumzo ya kila siku, na kuvilinganisha na vyetu. Hatufanyi hivyo ili kukidharau Kiingereza. Twafanya hivyo kwa kuwa mengi ya maandishi yetu ya ofisini na magazetini yamepita kwanza katika lugha hiyo, ndipo yakamfikia mwananchi kwa Kiswahili. Na katika safari hiyo viungo ndivyo vinavyovunjika kwanza.

Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vingi mwishoni mwa maneno, vilivyoonyesha nani katenda na nani katendewa. Viambishi hivyo vilififia polepole, kabla na baada ya mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza. Kazi yake ikachukuliwa na mpangilio wa maneno pamoja na vihusishi, yaani vijineno kama ‘to’, ‘for’, ‘with’ na ‘from’. Ndiyo sababu Mwingereza wa leo hukiacha kitenzi chake kikiwa kifupi, kisha akakizungushia vijineno hivyo.

Tuchukue kitenzi ‘look’, ambacho maana yake ya kawaida ni kutazama. Mwingereza akikifuatisha na ‘for’, amekwisha kusema kutafuta. Akikifuatisha na ‘after’, amesema kutunza. Akikifuatisha na ‘into’, amesema kuchunguza. Kitenzi ni kilekile, na kijineno kimoja tu ndicho kilichobadilika. Huu ni utajiri, wala si umaskini. Lakini mfasiri anayetazama neno mojamoja atauona utajiri huo kama mrundo wa vijiti, asijue kwamba vijiti viwili vimefungwa kuwa fimbo moja.

Kiunganishi ‘and’ nacho kina mitego yake. Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni ‘na’, tukaridhika. Kumbe katika mazungumzo ya Waingereza neno hilo hubeba mizigo ya namna nyingi. Mwingereza akisema ‘go and call him’, sisi twasema ‘nenda ukamwite’. Akisema ‘she sat and wept’, twasema ‘alikaa akilia’. Akimwonya mtoto, ‘touch it and you will get burnt’, twasema ‘ukiligusa utaungua’. Hata ‘try and come’, ambayo watu wake huisema kila siku, kwetu ni ‘jaribu kuja’. Kiunganishi ni kimoja, nasi tumekijibu kwa njia nne: kwa -ka- ya kwenda kutenda, kwa -ki- ya matendo yaendayo pamoja, kwa -ki- ya sharti, na kwa kitenzi-jina. Katika mifano yote minne hatukuihitaji ‘na’ hata mara moja.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. Kiingereza hukiweka kiungo nje ya kitenzi. Kiswahili, mara nyingi, hukiweka ndani. Mtu aliyemkimbia simba na mtu aliyemkimbilia mama yake wametenganishwa na silabi moja tu, lakini mmoja anakwenda mbali na mwenziwe anakwenda karibu. Aliyehama kijiji ametoka. Aliyehamia kijiji ameingia. Twamwomba Mungu, twamwombea mgonjwa. Mtunzi wa mashairi anayehesabu mizani huijua thamani ya jambo hili kuliko wengi. Neno ‘tumwombee’ lina mizani nne tu, na ndani yake wamo waombaji, yumo aombewaye, limo tendo, limo na kusudi lake. Mwingereza huhitaji maneno matano kusema hayo.

Sasa tukitazame Kiswahili cha wafasiri wetu. Tutunge tangazo la mfano, ambalo kila msomaji ataitambua sura yake: ‘Wazazi wanaombwa kuleta vyeti na kuvionyesha kwa karani kwa ajili ya kuandikishwa kwa watoto.’ Hakuna neno hapo lisilo la Kiswahili, ila mifupa yake ni ya kigeni. Mtu aliyelelewa na lugha hii angeandika: ‘Wazazi wanaombwa wampelekee karani vyeti, awaandikishie watoto wao.’ Katika sentensi ya pili mzazi anajua atakalofanya, na anajua pia atakalofanyiwa na karani. Katika ile ya kwanza watoto ‘wataandikishwa’, lakini aandikishaye hajulikani. Kiungo kilipotolewa katika kitenzi, mtenda kazi naye alitoka, na dhima ikatoka pamoja naye.

Kwa hiyo kosa hili halikomei kwenye ladha ya lugha. Ofisi ikiandika kwamba ‘hatua zitachukuliwa kwa ajili ya utekelezaji wa maombi’, mwombaji hana pa kushika. Ikiandika ‘tutawajibu waombaji’, imejifunga kwa ahadi. Mwananchi asiyeielewa barua aliyoandikiwa na ofisi yake mwenyewe hawezi kuidai haki iliyomo ndani yake.

Hata hivyo haki itendeke kwa pande zote. Kiswahili hakiishi bila viunganishi vya kuazima. ‘Lakini’, ‘au’, ‘wala’ na ‘ila’ vilitujia kutoka Kiarabu; tukavipokea, na leo hakuna avionaye kuwa wageni. Tena mnyambuliko wetu una utata wake. Mtu akisema, ‘karani aliniandikia barua’, hatujui kama barua ilikuja kwake, au kama karani aliandika kwa niaba yake. Mwingereza huyatenganisha mambo hayo mawili kwa ‘to’ na ‘for’. Katika sheria na mikataba, ambako neno moja laweza kumpotezea mtu shamba, ‘kwa niaba ya’ na ‘kwa ajili ya’ vina kazi ya halali. Tunalolipinga ni kuvitumia kwa mazoea, pale ambapo kitenzi chenyewe kingetosha.

Dawa ya mazoea hayo ni kuirudia kazi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, kitabu kilitoka mwaka 1963. Hakuridhika, akakirekebisha, kikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kiongozi wa nchi, mwenye shughuli zisizo na idadi, alipata nafasi ya kuyarudia maneno yake. Mwandishi wa tangazo la mistari mitatu ana udhuru gani?

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu hapo juhudi kubwa imefanywa ya kutafuta istilahi. Juhudi hiyo ni njema, lakini istilahi ni matofali; udongo wa kuyashikamanisha ni viungo. Yafaa basi wanafunzi wafundishwe kutafsiri tendo zima, wala si neno mojamoja. Yafaa vilevile kila afisa, kabla hajatia sahihi, aisome barua yake kwa sauti, kisha ajiulize: nani anatenda, anamtendea nani, na tendo hili linafuata lipi? Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi ya kuyajibu yote matatu. Tukiiacha nafasi hiyo tupu tukaenda kuazima vijineno vya kuizunguka, tutakuwa tumejenga nyumba ya vyumba vingi, kisha tukalala uani.