Cheti au Ufundi? Elimu ya Mwandishi wa Habari na Kiswahili cha Redio Mjini Bukavu

1. Utangulizi

Swali la kama mtu anaweza kuwa mwandishi wa habari bila kupitia chuo ni la zamani, lakini mara nyingi huulizwa kana kwamba jibu lake ni moja kila mahali. Makala haya yanakusudia kulichunguza kwa kuutazama mji mmoja, Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini. Tumeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, uandishi wa habari ulio huru ulijengwa huko na watu ambao wengi wao hawakusomea kazi hiyo. Pili, msikilizaji wa Bukavu hupata habari kwa Kiswahili, ilhali elimu rasmi ya mwandishi, pale inapopatikana, hutolewa kwa Kifaransa. Jambo hili la pili halijapewa uzito unaostahili na pande zote mbili za mjadala, nasi tutajaribu kuonyesha kwamba ndilo kiini chake.

2. Chuo kilikuwa mbali

Serikali ya Mobutu ilianzisha chuo cha taaluma ya habari, ISTI, mjini Kinshasa mwaka 1973. Kilikuwa chuo cha nchi yenye chama kimoja, na wahitimu wake walitarajiwa kuvitumikia vyombo vilivyosema kwa sauti moja. Mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa mwaka 1990 na sauti nyingine zikaanza kusikika, Bukavu haikuwa na hazina ya waandishi waliosomea kazi. Kinshasa iko mbali zaidi ya kilomita 1,500, na safari ya barabara haikutegemewa na mtu. Redio Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1993 na mashirika ya kiraia, haikuweza kungoja wahitimu wa chuo hicho.

Matunda ya hali hiyo yanajulikana. Chouchou Namegabe alijifunzia kazi katika Redio Maendeleo, kisha mwaka 2003 akashiriki kuanzisha AFEM, chama cha wanawake wanahabari wa Kivu Kusini. Mwaka 2009 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani kuhusu ubakaji uliokuwa ukitendwa na wapiganaji, na mwaka huohuo akapewa tuzo ya kimataifa ya uandishi iitwayo Knight. Caddy Adzuba wa Redio Okapi alisomea sheria katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Mwaka 2014 alipata Tuzo ya Asturias ya Hispania. Mmoja alifunzwa na kazi yenyewe, mwingine na taaluma jirani. Anayedai kwamba pasipo shahada ya uandishi hapana mwandishi hana budi kutueleza awaweke wapi hawa wawili.

3. Mizani ya Arusha

Hata hivyo, mifano ya watu waliofanikiwa haitoshi kuthibitisha hoja. Wapo wasemao kwamba chuo kinahitajika hasa ili kumpa mwandishi maadili. Dai hili lilipata jaribio lake kali ng'ambo ya mto Ruzizi, umbali mfupi kutoka Bukavu. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu kwa kutumia vyombo vya habari kuchochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, alikuwa daktari wa historia na mwalimu wa chuo kikuu. Jean-Bosco Barayagwiza alikuwa mwanasheria. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, hakuwa na elimu ya juu. Msomi na asiye msomi walisimama kizimbani pamoja. Usomi haukumzuia wa kwanza, na kukosa usomi hakukumfanya wa tatu kuwa sauti safi ya wananchi. Kwa hiyo hoja ya kwamba chuo huleta uadilifu haisimami, na hoja ya kwamba asiye na chuo yuko karibu zaidi na ukweli haisimami vilevile.

Wala kipaji peke yake hakitoshi. Mwandishi anayepokea ile bahasha ambayo Wakongo huiita coupage, baada ya kuhudhuria mkutano wa mheshimiwa, hakosi kipaji. Anakosa mshahara, na pengine anakosa mtu wa kumwonyesha bei ambayo msikilizaji hulipa kwa bahasha ile. Anayelitaja hewani jina la msichana aliyebakwa huenda ana nia njema kabisa. Kuhakiki habari kwa zaidi ya chanzo kimoja, kumlinda mtoa habari, kujua mpaka kati ya taarifa na kashfa: hayo yote hufundishwa na hujifunzwa. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nasi twaweza kuongeza kwamba amali bila elimu, katika mji wenye silaha, huwagharimu wengine.

4. Somo lisilofundishwa

Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la lugha. Taarifa nyingi humfikia mtangazaji wa Bukavu kwa Kifaransa, naye huwa na dakika chache za kuzitafsiri. Kifaransa cha habari kina desturi ya kutumia kitenzi cha masharti ili kuonyesha kwamba jambo halijathibitishwa. Tuchukue sentensi ya kubuni: l'armée aurait tué dix civils. Mfaransa huelewa kwamba mwandishi amesikia hivyo na hathubutu kuthibitisha. Mtangazaji wetu ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni kufuata umbo: jeshi lingeua raia kumi. Lakini viambishi -nge- na -ngali- katika Kiswahili havibebi maana ya habari isiyothibitishwa. Hubeba sharti, na mara nyingi sharti lisilotimia. Msikilizaji atauliza: lingeua kama nini? Tena ataelewa kwamba jeshi halikuua. Njia ya pili ni kuliacha sharti na kusema: jeshi limeua raia kumi. Sasa fununu imegeuka kuwa ukweli, na redio imeutia muhuri. Njia ya tatu ni kusema: jeshi linadaiwa kuua raia kumi. Hii ndiyo iliyo sahihi, nayo ina faida ambayo Kifaransa hakina. Kitenzi kudaiwa humwita mdai. Msikilizaji husubiri kuambiwa ni nani anayedai: ni mashuhuda, ni shirika la haki za binadamu, au ni kundi hasimu? Kitenzi cha masharti cha Kifaransa humruhusu mwandishi kukificha chanzo chake ndani ya sarufi. Kiswahili kikitumiwa vizuri humsukuma akitaje.

Tofauti hii ya kiambishi si jambo la wanasarufi tu. Serge Maheshe wa Redio Okapi aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo wa redio hiyohiyo tarehe 21 Novemba 2008. Bruno Koko Chirambiza wa Redio Star mwezi Agosti 2009. Hatusemi kwamba waliuawa kwa sababu ya kosa lolote la lugha; hakuna ushahidi wa hilo, na kulisema kungekuwa kuwadhulumu. Tunachosema ni kwamba katika mji ambamo mtangazaji huweza kuuawa, na ambamo mtaa mzima huweza kukimbia kwa sababu ya sentensi moja, kauli isiyopimwa ni hatari kwa msemaji na kwa msikilizaji.

Msamiati nao una historia yake. Namegabe amepata kueleza kwamba, walipoanza kuzungumzia ubakaji redioni, hawakuwa na neno la wazi la kuutaja hewani, wakaazima neno ubakaji kutoka Kiswahili cha Tanzania. Hicho kilikuwa kitendo cha uandishi wa habari cha kiwango cha juu: kulipa jina la kosa jambo lililokuwa likifunikwa kwa tafsida na aibu. Hakikufundishwa darasani, lakini hakuna sababu ya kila kizazi cha watangazaji kuanza tena utafutaji huo upya.

5. Cheti mikononi mwa mtawala

Je, basi sheria imlazimishe kila mwandishi kuwa na cheti? Majirani wamelijaribu jambo hilo. Sheria ya Uganda ya mwaka 1995 iliifanya shahada kuwa sharti la kuandikishwa. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2016 na kanuni zake, ilidai ithibati na kiwango cha chini cha elimu. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwemo vya ithibati, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mbali zaidi, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ilipotoa maoni yake kuhusu Costa Rica mwaka 1985, ilikataa uanachama wa lazima wa waandishi, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Brazil iliondoa sharti la shahada.

Bukavu ina sababu yake ya pekee ya kuogopa sharti hilo. Mji huu umebadilisha watawala mara nyingi: RCD mwaka 1998, waasi wa Nkunda na Mutebutsi kwa siku chache mwaka 2004, M23 mwezi Februari 2025. RCD iliifunga Redio Maendeleo mwaka 1999. Lau kungekuwa na sheria ya cheti, kila mtawala mpya angeikuta silaha tayari mezani: angewanyamazisha waandishi kwa kukagua makaratasi yao, wala asingehitaji kutaja sababu halisi.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mafunzo ni ya lazima, bali cheti kisiwe mlango wa kuingilia. Waliojenga uandishi wa Bukavu hawakukosa mafunzo. Waliyapata mbele ya kipaza sauti, kwa gharama kubwa. Jukumu la kuipunguza gharama hiyo linatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili kabla halijawahusu wanasheria. Vyuo vikuu vya Bukavu vinaweza kutoa kozi fupi za jioni, kwa Kiswahili, zilizo wazi kwa mtangazaji yeyote, za kuhakiki chanzo, za sheria na za kutafsiri habari. Idara za Kiswahili za Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko zinaweza kushirikiana na watangazaji hao kuandaa mwongozo wa lugha ya habari unaokiheshimu Kiswahili cha Kivu na kukopa palipo na haja, kama ilivyokopwa ubakaji. Kazi hiyo yaweza kuanza na kiambishi kimoja.