Muswada Husomwa na Nani?

Katika somo la Uraia kuna mada moja ambayo wanafunzi wetu huikariri vizuri na kuielewa kidogo, nayo ni jinsi sheria inavyotungwa. Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Husomwa Bungeni mara ya kwanza, hupelekwa kwenye Kamati, husomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu na Kamati ya Bunge Zima, husomwa mara ya tatu, kisha hupelekwa kwa Rais. Mwanafunzi akiziorodhesha hatua hizo kwa mpangilio, hupata alama zote. Hakuna anayemwuliza ziliwekwa kwa faida ya nani.

Mimi niliyemaliza umri wangu katika ualimu hukwazwa kwanza na neno lenyewe, "kusomwa". Mtu wa kawaida hudhani kwamba Muswada husomwa wote. Sivyo. Katibu Mezani husimama, akataja jina la Muswada, akakaa. Desturi hiyo tuliirithi kwa Waingereza, tangu Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa hapa mwaka 1926, na kwao ilitokana na enzi ambazo nakala za maandishi zilikuwa adimu, hata ikabidi wajumbe wasomewe. Kwa maoni yangu, siku hizi usomaji wa kweli haumo katika zile mara tatu, bali katika muda ulio kati yake.

Ibara ya 62 ya Katiba inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Mwananchi hayumo katika sehemu hizo ila kwa kuwakilishwa. Mahali pake pekee pa kusema kwa kinywa chake ni pale Kamati inapowaita wadau kutoa maoni. Ukiufupisha muda huo, hujaondoa urasimu, umemwondoa mwananchi.

Hapo ndipo ninapoilaumu Hati ya Dharura, ambayo Rais huitia saini ili Muswada usingoje muda wa kawaida. Sikatai kwamba dharura zipo. Nyumba ikiungua hatuitishi mkutano. Lakini tazama ilivyotumika. Mwezi Julai 2017 Miswada mitatu kuhusu maliasili na madini, mambo ya vizazi na vizazi, ilipitishwa kwa njia hiyo katika siku chache. Mwezi Juni 2019 Muswada mmoja wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali uligusa sheria 8 kwa mkupuo, zikiwamo za makampuni, vyama vya hiari, filamu na hakimiliki. Nani angeweza kuzisoma zote nane kabla ya kuitwa kutoa maoni?

Katika Muswada huohuo lilikuwamo fundisho. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilikuwa imerekebishwa Septemba 2018 kwa kuweka adhabu kwa atakayesambaza takwimu za kukanusha takwimu rasmi. Haukupita hata mwaka, Bunge likalazimika kukirudia kifungu hicho na kukiondoa. Kosa hilo lilirekebishwa, lakini kwa Hati ya Dharura.

Hapa Keko tunaishi kwa mlio wa randa na misumeno. Fundi yeyote atakuambia kwamba mbao mbichi hupigika msumari vizuri, na kitanda chake hupendeza kikiwa bado kibarazani. Hujipinda kikishafika chumbani kwa mnunuzi. Mafundi hawahawa huulizwa hati za mbao zao kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Basi sheria si jambo la Dodoma peke yake. Huteremka hadi kwenye karakana ya mtu, na mwenye karakana hawezi kujitetea kwamba hakupata nafasi ya kuisoma.

Jambo moja nalisifu bila kusita. Kwa miaka mingi Wabunge walijadili kwa Kiswahili Miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwezi Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni heshima kubwa kwa msomaji. Lakini kumpa mtu kitabu kwa lugha yake na kumnyang'anya kabla hajafunua ukurasa wa pili ni kumsomesha kwa jina tu.

Ningependa kila Hati ya Dharura iambatane na sababu zilizoandikwa, na Bunge lizijadili na kuzipigia kura kabla ya kuugusa Muswada wenyewe. Tena sheria nane zisifungwe katika kifurushi kimoja. Nasi walimu tuongeze swali moja katika mtihani wa Uraia: baada ya Muswada kusomwa mara ya kwanza, wewe na wazazi wako mna siku ngapi za kuusoma?